Makumi Nane ya Baraji ya Kasungwe

Kwenye kona ya kambi ya Panda, pale njia ya kiwandani inapovuka reli, kuna benchi letu. Ni ule mti mnene wa kulazia vyuma vya reli, umewekwa juu ya mawe mawili. Papa Octave aliuleta mwaka aliostaafu kwenye treni, na hakuna aliyemuuliza aliutoa wapi. Nyuma ya benchi ni karakana yangu ya baiskeli, na mbele ni mbabula ya Mama Bibiane, jiko lake la makaa, na birika la kahawa juu yake. Mimi ni Germain, ila pale wananiita Kinga, kwa sababu kwetu kinga ndiyo baiskeli. Ninayoyasimulia yalitokea mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na sita, mvua ilipokuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne, na kila aliyekaa kwenye benchi lile, kabla ya kuomba kikombe, alitazama kwanza kibao cheusi nilichotundika kwenye mlango wa karakana.

Kibao kile kilikuwa cha Papa Damas. Papa Damas alilinda baraji ya Kasungwe, ziwa dogo kilomita nne juu yetu, ambalo kampuni ililijenga zamani ili kiwanda kipate maji ya kuoshea mawe ya shaba. Baadaye waliruhusu mfereji mmoja utoke kwenye baraji kuelekea bondeni, na wanawake wa kambi wakalima huko kabeji, nyanya, vitunguu na lengalenga. Ndani ya maji umesimamishwa ubao wa namba. Sheria ilikuwa moja: maji yakishuka chini ya mita mbili na santimeta themanini, au makumi nane kama tunavyohesabu sisi, mlango wa mfereji unafungwa, na yanayobaki ni ya kiwanda. Kila asubuhi Papa Damas alisoma ubao, akaandika kwenye daftari la kampuni, akateremka kwa baiskeli na kutuandikia namba kwa chaki. Hatukuhangaika kutaja mita. Tulisema tu makumi nane, na kila mtu alielewa.

Yeye tulimwita Santimetre. Wazazi wake walitoka Kasai, baba yake akiwa ameandikwa kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe alikuwa mtu ambaye neno "karibu" halikumtoka mdomoni. Ukimuuliza umbali wa kwenda Kakontwe, alikuuliza kwanza unaanzia mlango gani.

Jumanne ile aliandika 81, akafuta chaki kwenye vidole, akakaa mwisho wa benchi. Ilikuwa siku ya tisa mfululizo ya 81.

— Makumi nane na moja, alisoma Papa Octave. Jana makumi nane na moja. Juzi, dimanche, makumi nane na moja. Hii mayi inafanya grève, inagoma?

Papa Octave jina lake la benchi lilikuwa Radio. Alianza kusema asubuhi na aliendelea mpaka watu walipozima taa.

— Mais kule ku ziwa mayi inashuka, alisema Placide. Juzi nilipita. Bulongo ya tope imepasuka-pasuka mbali na kingo. Mayi inashuka, namba haishuke. Faut expliquer, mutueleze.

Placide alikuwa karani wa ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, mwandishi wa vyeti vya kuzaliwa. Tulimwita Avocat, yaani wakili, ingawa mahakamani alikuwa hajaingia hata kama shahidi.

— Minye nitaeleza, alisema Octave. Chini ya Kasungwe kuko chemchemi. Inatoka ku muto Lufira, inapita chini ya mulima. Juu jua inakunywa, chini Lufira inaongeza. Njo maana namba inasimama.

— Kama inaongeza, bulongo ingeonekana?

— Bulongo ni ya pembeni. Chemchemi iko katikati.

— Papa Octave, mayi haina katikati na pembeni. Mayi iko sawa.

— Weye ulijifunza wapi mambo ya mayi? Ku vyeti ya kuzaliwa?

Placide hakukasirika. Alikunywa, akaweka kikombe kwenye goti.

— Minye minaona hivi. Ubao ya namba yenyewe inazama. Miaka mingi mu bulongo, inazama pole pole. Mayi ikishuka santimeta mbili, ubao nayo inashuka santimeta mbili. Weye unasoma tu ile namba moja.

— Siku tisa, kila siku santimeta mbili kamili? Ubao yenye kusoma saa?

— Bon. Basi kuko jambo kubwa zaidi. Tangu zamani banachimba mashimo, hapa, Kamatanda, kila fasi. Chini ya muji kubaki nini? Muji bote unashuka, na Kasungwe ndani yake. Ubao, mayi, mulima, bote tunashuka pamoja. Haujaona mulango ya kanisa sasa inakwaruza chini?

— Njo maana goti yangu inaniumaka nikipanda, alisema Octave, na akafikiri kidogo, kwa sababu hakutaka kushindwa. Lakini hapana. Ni nyoka.

— Nyoka gani tena?

— Wakati bazungu banajenga ule ukuta, balikuta nyoka. Muzee mumoja wa ku reli alinieleza. Balishindwa kuiua, balimwaga béton ya saruji juu. Ile nyoka iko muzima mpaka leo. Ikilala, inanyooka, mayi inapanda. Ikijikunja, mayi inashuka. Sasa saison ya joto, inalala.

Nilikuwa nimeshika tairi la mtu, nikacheka kimyakimya. Papa Damas hakucheka. Kahawa yake ilikuwa mkononi tangu alipokaa, na ngozi nyembamba ilishaanza kujikusanya juu yake.

— Mama Bibiane, alisema Placide, weye njo unalima kule. Unaona namna gani?

Mama Bibiane alikuwa na matuta kumi na moja ya kabeji chini ya mfereji. Alitupa makaa mawili kwenye mbabula kabla ya kujibu.

— Minye minaona kabeji yangu inabakiza siku kumi na mbili. Ikipata mayi siku kumi na mbili, inafunga kichwa. Ikikosa, inabakia majani ya sungura. Ya nyoka siijue.

Alisema hivyo bila kumtazama Papa Damas. Nilikumbuka baadaye kwamba kwa siku kadhaa alikuwa hamtazami.

Ndipo kijana mmoja alipotokea upande wa stesheni akisukuma baiskeli iliyokuwa na gurudumu la nyuma limelala. Mgongoni alibeba sanduku la mbao, na kwenye fremu alifunga miguu mitatu ya chombo cha kupimia, ile wanayotumia watu wa ramani. Shati lake lilikuwa na vumbi la treni.

— Bonjour bapapa, bonjour mama. Kuko muntu wa kuziba kinga hapa?

— Kuko, nilisema. Keti. Mama atakupa kahawa.

Aliketi katikati ya Octave na Placide. Alisema kwenye karatasi anaitwa Mwepu, jina la Kiafrika kama serikali ilivyotaka, lakini mama yake anamwita Firmin, na sisi tumwite hivyo hivyo. Alitoka Lubumbashi usiku, na baiskeli aliazimwa na mkuu wa stesheni.

— Unaenda wapi na hii bintu yote? aliuliza Octave.

— Ku baraji ya Kasungwe. Kampuni inanituma kupima baraji yote ndogo-ndogo. Ku bureau kule tunaona makaratasi ya Kasungwe, namba inasimama fasi moja siku mingi. Balisema niende nione kama ubao iko muzuri.

Nilitia tairi kwenye beseni la maji nitafute tundu, na mapovu yakatoka, na nikaona kwamba kila mtu alikuwa anayatazama mapovu hayo.

— Mulinzi wa kule nasikia anaitwa Damas, aliendelea Firmin. Munamujua?

— Ni minye, alisema Papa Damas.

Firmin akasimama, akampa mkono kwa heshima, akishika kiwiko chake kwa mkono wa pili kama mtoto aliyelelewa. Papa Damas aliupokea. Placide akawahi.

— Kijana, umefika wakati muzuri. Tulikuwa mu hii maneno. Ule ubao ni ya zamani. Inazama mu bulongo. Asubuhi yote njo minasema.

— Inaweza kuwa, Papa. Ubao ya zamani inazamaka. Mwaka jana nilikuta moja ilizama santimeta kumi na tano. Ikiwa vile, kosa si ya mulinzi. Yeye anaandika yenye macho yake inaona. Tunanyoosha ubao, tunaandika rapport, inaisha.

Njia ilikuwa imefunguka. Hata mimi, mwenye kichwa cha vyuma, niliiona. Papa Damas alibakiza miaka mitatu apate pensheni. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kampuni, na mkewe Gertrude alikuwa na ugonjwa wa miguu, hawezi kuhamahama.

— Ilizama, alisema Papa Octave. Minye niliona na macho yangu.

Papa Octave alikuwa hajapanda Kasungwe kwa miaka miwili.

— Haikuzama, alisema Papa Damas.

Aliweka kikombe chini kwenye udongo, polepole, mpaka kiliposimama vizuri.

— Ule ubao nilisimamisha minye, mu cinquante-quatre, mwaka ya hamsini na nne. Muguu yake iko ndani ya béton. Haizame. Leo asubuhi mayi iko ku makumi sita na tatu. Niliandika makumi nane na moja. Jana ilikuwa makumi sita na tano, niliandika makumi nane na moja. Siku tisa. Ni bongo, ni uongo mutupu, na ni mukono yangu njo iliandika.

— Damas, alisema Octave kwa sauti ndogo.

— Acha, Octave. Muko bantu ya muzuri. Lakini muntu asipime ubao yangu na aseme inazama.

Firmin alikaa tena. Hakutoa daftari wala kalamu. Aliuliza sababu tu:

— Juu ya nini, Papa?

Papa Damas alijibu akitazama njia, si mtu.

— Mu soixante-dix, mwaka ya sabini, kiangazi ilikuwa sawa hii. Ilifika makumi saba na tisa, nilifunga mulango. Ni kazi, nilifunga. Mama mumoja, Adrienne, alikuya kusimama karibu yangu. Sikumujua mbele. Hakusema kitu, hakulia. Alisimama kuanzia saa nane mpaka jua inaingia, anatazama ule mulango. Kesho yake alikuya tena. Siku tatu. Kisha hakukuya tena, sababu bustani ilishakufa. Mwaka huu mayi ilipofika makumi saba na tisa nilishika ule usukani wa chuma wa kufunga. Mukono ilikataa. Nikaenda kukaa mu kibanda, nikaandika makumi nane na moja. Nilisema ni ya leo tu. Kesho nilisema tena ni ya leo tu.

Mama Bibiane alikuwa ameshika kitambaa cha birika, anakikunja na kukikunjua.

— Minye nilijua, alisema. Mayi ilishuka chini ya makumi nane ku ubao, na mufereji inatembea. Nilijua tangu siku ya tatu. Nilinyamaza juu ya kabeji yangu.

Firmin aliinamisha kichwa, akasugua goti lenye vumbi. Alikuwa na miaka ishirini na tano hivi. Nilidhani anatafuta neno kali, au neno la kuondokea. Kumbe alikuwa anafikiri jambo lingine kabisa.

— Bapapa, munisamehe. Minye ni mugeni hapa. Ile makumi nane ni ya nini?

— Ni ya kulinda kiwanda, alisema Placide. Wasikose mayi.

— Ndiyo, ninasikia. Lakini juu ya nini makumi nane? Juu ya nini si makumi saba? Si makumi tano?

Octave alitazama kibao, kana kwamba jibu limeandikwa nyuma ya namba. Mimi nimekulia Panda. Makumi nane niliyasikia kabla sijajua kusoma, kama mtu anavyosikia jina la mto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeyachagua.

Sote tukamgeukia Papa Damas.

— Njo balinipa, alisema. Mu cinquante-quatre. Mukubwa wa kazi alinionyesha na kidole. Alisema: hapa, usipitishe.

— Hakusema juu ya nini?

— Sikuuliza.

Nilimaliza kuziba tairi. Firmin alipoondoka tuliondoka naye. Mama Bibiane alifunika mbabula, Placide aliamua kwamba ofisi ya komini itamngoja, na Papa Octave alikubali kukaa nyuma ya baiskeli yangu. Papa Damas alitangulia. Hakukanyaga pedali haraka wala polepole kuliko siku zote.

Kasungwe ilionekana mbaya. Maji yalikuwa yamejivuta katikati, na kuzunguka kote palikuwa na mkanda mpana wa tope lililokauka na kupasuka vipande kama vigae. Upande wa bondeni mfereji uliendelea kutiririka, mwembamba, na huko chini wanawake wanne waliinuka matutani na kututazama.

Firmin alisimamisha chombo chake juu ya miguu mitatu. Alimpa Placide ufito mrefu wa namba aushike, akaangalia kwenye kioo, akaandika. Ubao wa Papa Damas ulikuwa sawa kabisa. Haukukosea hata santimeta moja. Papa Damas alisikia hilo, akaitikia kwa kichwa tu.

Kisha Firmin alianza kutembea ukingoni, akitafuta kitu. Alikipata upande wa mashariki. Bomba la chuma, pana kama pipa, lilitoka kwenye ukuta na kuishia hewani, juu ya tope, mdomo wake umejaa tope kavu na magugu ya majini. Alimwambia Placide aweke ufito kwenye mdomo wa bomba. Aliangalia kwenye kioo, kisha akaangalia tena.

— Makumi nane, alisema. Juste, kamili.

Tukasogea.

— Papa Damas, hii bomba inaenda wapi?

— Ku nyumba ya pompe ya zamani. Ile kule, yenye haina mabati.

— Mayi ikishuka chini ya hapa, pompe ilikuwa inavuta hewa. Inaharibika. Njo makumi nane hiyo. Na pompe yenyewe iko?

Papa Damas aling'oa gugu moja mdomoni mwa bomba.

— Baliitoa, alisema. Mu soixante-trois, mwaka ya sitini na tatu. Ilikuya camion, lori kubwa, na munyororo. Minye njo nilishika munyororo.

— Na sasa kiwanda inakamata mayi wapi?

— Ku pompe mupya, ku ukuta mukubwa. Mudomo yake iko chini sana. Iko ku mita moja na makumi tano.

Alilisema lile la mwisho, na sisi tukamwona akilisikia. Hakuna mtu aliyemweleza kitu. Alitazama bomba, akatazama nyumba isiyo na mabati, halafu akatazama maji, ambayo yalikuwa bado zaidi ya mita nzima juu ya mdomo wa pompe mpya. Miaka kumi na mitatu makumi nane hayakulinda chochote. Bustani za mwaka wa sabini zilikauka kwa ajili ya pompe iliyokuwa imeshaondolewa. Papa Damas alikaa juu ya ukuta wa baraji, miguu ikining'inia upande wa maji, kama mtu aliyepanda mlima mrefu.

Mama Bibiane alienda kukaa karibu naye.

Baada ya muda Firmin aliomba kuona daftari. Kibanda cha mlinzi kilikuwa na meza, kiti, na picha ya Bikira Maria. Kwenye daftari zile 81 tisa zilipangana, zimeandikwa vizuri. Papa Damas akafunga mlango wa kibanda tukiwa ndani, akatuonyesha nyuma ya mlango huo. Kwa penseli, kwenye mbao, alikuwa ameandika namba za kweli, moja chini ya nyingine: 79, 77, 75, mpaka 63, kila moja na saa yake.

— Kuandika bongo niliweza, alisema. Kuacha kuandika ya kweli sikuweza.

Firmin alizisoma zote.

— Papa, nifanye nini na hii?

— Andika.

— Nikiandika, bataona pia ile namba ya bongo.

— Andika yote mbili. Ukificha namba ya bongo, na kisha bakiiona, bataamini namna gani kama bomba iko ku makumi nane? Batasema ni maneno ya mulinzi wa bongo na bamama yake ya kabeji. Andika yote mbili, na weka sahihi yako. Minye nitaweka yangu.

Waliandika mezani pale, mmoja akisema, mwingine akiandika. Walipomaliza, Papa Damas alitoka nje, akaenda kwenye usukani wa chuma, akaufunga mlango wa mfereji. Sheria ilikuwa bado haijabadilishwa, na kijana alikuwa hapo, na hakutaka kumwachia kijana aibu ya kuona na kunyamaza. Wanawake bondeni waliona maji yakipungua miguuni mwao. Mama Bibiane aliteremka kuwaeleza.

Firmin alirudi Lubumbashi na ripoti, na siku saba tulingoja barua ya kampuni. Siku hizo saba, asubuhi na jioni, wanawake walichota maji ziwani kwa ndoo na kuyateremsha mpaka matutani, na waume zao wakaenda, na sisi wa benchi tukaenda. Placide alibeba ndoo akiwa na viatu vya ofisi. Papa Octave, na goti lake, alisimama katikati ya mteremko na kupokea ndoo kutoka kwa huyu na kumpa yule, akisema mfululizo bila kukatika, na hakuna aliyemwambia anyamaze kwa sababu maneno yake yalitusaidia kutohesabu safari. Papa Damas alichota. Alisimama mpaka magotini kwenye tope, anajaza ndoo zetu moja baada ya moja, na kwa desturi yake hakuna iliyotoka pungufu. Matuta ya juu yalikufa. Ya chini yalivumilia.

Barua ilifika Jumanne iliyofuata, mchana. Placide alitusomea kwenye benchi. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba kuanzia siku hiyo mlango wa mfereji utafungwa maji yakifika mita mbili kamili, si kabla. Mama Bibiane alisimama kabla Placide hajamaliza sentensi, akaondoka kwenda Kasungwe kwa miguu, na kahawa tukajimiminia wenyewe. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mlinzi aliyeandika namba zisizo za kweli anaondolewa kwenye baraji na kupelekwa Kamatanda, kwenye ghala la vipuri, mpaka siku ya pensheni yake. Nyumba atabaki nayo.

— Nyumba anabakia nayo, alirudia Placide, akikunja barua.

— Nilisikia, alisema Papa Damas. Ni haki.

— Si haki, alisema Octave.

— Ni haki, Octave. Kama kila mulinzi ataandika yenye roho yake inapenda, nani atajua mayi iko wapi?

Kabeji za Mama Bibiane zilifunga vichwa katikati ya mwezi wa kumi na moja, matuta saba kati ya kumi na moja. Alikata ya kwanza na kuipeleka kwa Mama Gertrude nyumbani, wakati Papa Damas hayupo, ili asipate nafasi ya kuikataa. Mlinzi mpya wa Kasungwe alikuwa kijana mpole ambaye hakuwa na habari ya kibao chetu. Nilikishusha, nikakitumia kufunika beseni langu.

Lori la Kamatanda lilipita konani kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo Papa Damas aliendelea kunywa kahawa pale kabla ya kulipanda. Wiki ya kwanza watu hawakujua wamwambie nini. Wiki ya pili Papa Octave alishindwa kuvumilia.

— Damas, nikuulize. Kama ingekuwa mara ingine, mayi inashuka, bamama banakutazama. Ungeandika tena bongo?

— Hapana.

— Basi ungefunga mulango.

— Hapana vile vile.

— Sasa ungefanya nini? Haikuwe kintu ya tatu.

Kikombe cha Papa Damas kilikuwa tupu.

— Ile bongo ya siku tisa, minye nilijua ni bongo, alisema. Kila usiku nililala nayo, ilinichoma. Lakini makumi nane nililinda miaka makumi mbili na mbili, na nililala muzuri. Mama Adrienne alisimama pale siku tatu, na minye nilikuwa nimeshika munyororo ya ile pompe na hii mikono. Kama ningeuliza muntu mumoja tu.

— Hakuna mwenye aliuliza, alisema Placide. Hata shiye ya benchi.

— Shiye bote, alisema Papa Damas. Ndiyo. Lakini minye njo nilikuwa kule.

Papa Damas akanyoosha kikombe. Mama Bibiane aliinamisha birika, yakatoka matone machache, kisha mashapo, akalitikisa kuonyesha kwamba ndiyo mwisho. Lori lilikuwa linageuka konani. Papa Damas akamrudishia kikombe, akamshukuru, akapanda nyuma pamoja na wengine, na mtu mmoja akasogea ili apate mahali pa kushika.